Wiki Mbili Kabla ya Sigara ya Mwisho

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka 21 sigara haikukosekana pembeni ya mashine yangu. Nimeacha mara nne. Mara tatu za mwanzo niliacha kwa hasira: nimekohoa usiku kucha, au nimegombana na mke wangu, kukipambazuka natupa pakiti na kuapa. Sikuwahi kufika siku ya kumi. Mara ya nne sikuapa kitu. Nilijiandaa wiki mbili, na huu ni mwaka wa sita sijavuta. Kama unataka kuacha, ndugu yangu, naomba unisikilize kuhusu hizo wiki mbili, kwa sababu ninaamini ndizo zilizoniokoa.

Wiki ya kwanza: vuta, lakini andika

Usipunguze hata moja. Vuta kama kawaida yako, ila kila unapotaka kuwasha, andika kwanza. Mimi nilichukua kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, nikakikunja kikaenea ubavuni mwa pakiti, nikakifunga kwa mpira pamoja na kijipande cha penseli. Ili nipate sigara ilibidi nifungue mpira. Kila sigara ilipata mstari wake: saa ngapi, niko wapi, niko na nani, nimetoka kufanya nini, na alama ya hamu kuanzia 1 hadi 5.

Jioni ya kwanza nilipohesabu nilishtuka. Miaka yote nikiulizwa nilisema navuta kumi na tano kwa siku. Karatasi ilikuwa na mistari 22. Na saba kati ya hizo nilizipa alama 1, yaani nilizivuta bila hata kuzitaka. Nasubiri pasi ipate moto, mkono ushaingia mfukoni.

Baada ya siku saba zisome karatasi zako kwa utulivu, peke yako. Utaona kwamba kila sigara ilikuwa na kazi yake. Yangu ya kwanza ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlango wa uani, hata uso sijanawa: alama 5. Hiyo ni ya mwili. Nikotini, yaani kile kitu cha kwenye tumbaku kinachokufanya uitake tena, hupungua kwa nusu kwenye damu kila baada ya kama saa mbili, hivyo anayeamka baada ya kulala usiku kucha anaamka na deni. Ile ya baada ya kukata kitambaa kabla ya kuanza kushona, alama 4, ilikuwa ya mgongo: nilihitaji kunyooka. Ya baada ya kula ilikuwa mazoea tu, lakini mazoea yenye nguvu, nayo nikaipa 5.

Iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya Alhamisi. Mteja alilalamikia mkono wa koti, nikatoka nje, nikavuta. Niliposoma ule mstari nilielewa kwamba sigara ile nilikuwa naitumia kama ruhusa ya kutoka bila kumjibu mtu vibaya. Kumbe ruhusa hiyo ningeweza kujipa mwenyewe. Wiki hiyohiyo, kabla sijaacha, nikaanza kuwaambia wateja, "Nipe dakika tano, narudi," nazunguka jengo mara moja, narudi. Ilifanya kazi ileile.

Basi chukua sigara zako zenye alama 4 na 5, na mbele ya kila moja andika kitakachoshika kazi yake. Usiandike "nitavumilia." Andika jambo ambalo mikono na miguu inaweza kulifanya: nitaoga kwanza, nitatokea mlango wa mbele, nitainuka mezani nikasafishe vyombo, nitapiga mswaki. Hamu moja ikikupanda huchukua dakika chache, mara nyingi hata kumi hazifiki. Unatafuta kitu cha kujaza dakika hizo, si cha kujaza siku nzima.

Tarehe

Tarehe ya kuacha ipange isizidi wiki mbili mbele, uiandike mahali utakapoiona. Mimi nilichagua siku inayofuata baada ya kukabidhi oda kubwa, maana katikati ya kazi za usiku kucha nisingefika mbali. Siku hiyo ikifika acha zote kwa pamoja. Wapo wanaofanikiwa kwa kupunguza kidogokidogo, na siwakatazi, ila mimi nilipopunguza nilikuwa namalizia kila moja mpaka moto unagusa kichungi, navuta kwa nguvu na kushikilia moshi kifuani. Idadi ilishuka, moshi ukabaki uleule.

Dawa

Hapa ndipo nilipopoteza miaka. Niliona kutumia dawa ni kukosa uanaume. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za nikotini, zinazoupa mwili nikotini bila moshi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009, na mwaka 2021 likaongeza bupropioni na vareniklini, vidonge visivyo na nikotini vinavyopunguza hamu ya sigara. Hizi mbili huandikwa na daktari na huanzwa kabla ya tarehe ya kuacha: vareniklini wiki moja kabla, bupropioni wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana nasema nenda kwa daktari mapema, si asubuhi ya siku yenyewe. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mjamzito aongee na daktari kabla ya kugusa chochote. Na kama unatumia insulini, warfarini, theofilini au klozapini, mwambie daktari kwamba unaacha sigara, kwa sababu mwili usio na moshi unaweza kuhitaji kipimo tofauti.

Mimi nilitumia bandiko na chingamu za nikotini. Anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na bandiko la miligramu 21, kisha 14, kisha 7, kwa wiki kadhaa. Unabandika asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, na kesho unahamia sehemu nyingine. Bandiko linashika mchana mzima, chingamu inazima hamu ya ghafla, na viwili hivyo kwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Kama sigara yako ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka, chukua chingamu ya miligramu 4, vinginevyo, 2.

Chingamu hii ina namna yake, na wengi huitupa kwa kutokujua. Itafune polepole hadi usikie inawasha kama pilipili, kisha acha kutafuna, ibane kati ya shavu na ufizi. Mwasho ukiisha, tafuna tena. Endelea hivyo kama nusu saa. Ukiitafuna mfululizo utameza nikotini, upate kwikwi na kiungulia. Na usinywe kahawa au maji ya matunda makali robo saa kabla yake.

Nyumba, nguo, watu

Kuacha kwangu kwa mara ya pili kulivunjika siku ya tisa kwa sababu ya koti. Nilikuwa nimetupa kila kitu, nikaingiza mkono kwenye koti la zamani, nikagusa kitu kigumu chini kabisa. Sigara ilikuwa imepenya tundu la mfuko ikaingia kwenye bitana. Nilichukua wembe, nikafumua mshono ili niitoe, nikaiwasha imepinda hivyohivyo. Kwa hiyo kagua kila mfuko, kila droo, chini ya kiti cha gari. Toa viberiti na visahani vya majivu nyumbani. Fua mapazia na nguo za kazini siku moja kabla.

Wanaokuzunguka waambie jambo mahususi. Mke wangu nilimwomba kwamba kwa siku tano nikipandisha sauti asinijibu, na asiniulize kama nimevuta. Rafiki yangu ninayevuta naye nilimwomba asinipe hata nikimbembeleza. Alisikitika kidogo, lakini alilishika neno lake.

Jiandae kwa arosto

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya. Utakuwa mkali, usingizi utakatika, utasikia njaa isiyoisha, na choo kinaweza kufunga. Wiki mbili hadi nne mengi hupungua. Usipange siku hizo kikao kigumu wala safari na wavutaji. Punguza kahawa karibu nusu: moshi wa sigara hulifanya ini limalize kafeini upesi, hivyo ukiacha, vikombe vilevile vitakutetemesha mikono nawe utadhani ni sigara unayoitaka. Ukiteleza ukavuta moja, tupa pakiti dakika hiyohiyo na uendelee na bandiko lako. Huna haja ya tarehe mpya.

Kama umri unakufanya uone umechelewa, kuna utafiti uliofuatilia madaktari wa Uingereza waliovuta na wasiovuta tangu 1951, nao ulionyesha, katika matokeo ya 2004, kwamba aliyeacha akiwa na miaka 40 alijirudishia kama miaka 9 ya kuishi, wa 50 kama 6, na hata wa 60 kama 3. Mimi nilikuwa na 44.

Usiku wa mwisho nilivuta iliyobaki mlango wa uani, nikalowesha kipisi, nikakitoa nje pamoja na taka. Nilipanga bandiko, chingamu na taulo juu ya kiti kando ya kitanda. Mlango wa uani nikaufunga kwa ufunguo, ufunguo nikampa mke wangu. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa bafuni.