Kuichezesha pachislo nyumbani bila tokeni: mambo ya kuzingatia kabla hujashika waya

Pachislo ni mashine ya sloti ya Kijapani: rola tatu zenye picha, wenzo mdogo wa kuanzishia, na vitufe vitatu vya kusimamishia rola moja moja. Kwenye kumbi za Japani hukaa miaka michache tu kabla ya kupisha toleo jipya, na baadhi ya zilizoondolewa ziliuzwa Marekani, ambako watu huziweka gereji au sebuleni kwa kujifurahisha. Hazili sarafu ya nchi yoyote. Zinakula tokeni za chuma zenye kipenyo cha milimita 25, kwa kawaida tatu kila mzunguko, na mchezaji hujikuta akishika ndoo ya tokeni mara nyingi kuliko wenzo.

Ndiyo maana wenye mashine hizi hutamani kifaa cha krediti: kitufe kimoja mbele, bodi ndogo ndani, mashine inaamini umetumbukiza tokeni. Kulehemu bodi yenyewe si kazi kubwa. Wanaokwama ni wale waliofikiria namna ya kuingiza krediti tu, wakasahau kwamba mashine hiyohiyo ina desturi ya kulipa. Mtu anamaliza kazi yake, anabonyeza, krediti zinapanda, anashangilia; akishinda hadi krediti zikajaa, mashine inadai tokeni halisi za kulipa, haizipati, inagoma.

Kabla ya hayo yote, sheria. Kila jimbo la Marekani lina yake. California humlinda mwenye mashine iliyozidi miaka 25 mradi haichezeshwi kamari. Hawaii hairuhusu kabisa. Juu ya hizo kuna sheria ya shirikisho ya 1951, Johnson Act, inayobana usafirishaji wa vifaa vya kamari kutoka jimbo hadi jimbo. Wauzaji hupenda kusema pachislo si mashine ya kamari kwa sababu vitufe vyake vinahitaji ustadi. Huenda jimbo lako linakubali, huenda halikubali, na muuzaji hatakuwepo utakapoulizwa. Kwa msomaji wa Tanzania anayefikiria kuagiza moja, mashine za namna hii ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa Sheria ya 2003, kama yalivyo madubwi ya mitaani. Ulizia bodi kabla ya kulipa nauli ya meli. Na kifaa ninachokieleza hapa ni cha mashine yako mwenyewe, isiyochezewa pesa. Kukipeleka kwenye mashine ya biashara ni jinai.

Umeme ndio unaoweza kukuumiza kweli. Pachislo ilitengenezwa kwa volti 100 za Japani. Plagi ya Marekani inatoa kama 120, na wengi huziwasha hivyohivyo, ila transfoma ndogo ya kushusha ni salama zaidi kwa kisanduku cha umeme kilichokwisha kuzeeka. Kwa 230 au 240 za Afrika Mashariki hakuna mjadala: bila transfoma unaichoma. Soma kibandiko cha kisanduku cha umeme ndani ya mashine, uone inakula kiasi gani, kisha nunua transfoma yenye uwezo wa kuzidi hapo. Kila unapotaka kuingiza mkono, chomoa plagi ukutani na usubiri, maana kapasita za kisanduku hicho hubaki na chaji hata taa zikizimika. Halafu kuna uzito. Kule ukumbini mashine imefungwa kwa skrubu kwenye safu. Nyumbani inasimama peke yake, nayo inapita kilo 30. Ukifungua mlango wake mzito wa mbele ikiwa juu ya meza dhaifu, inakuangukia. Tengeneza stendi kwanza.

Sasa tokeni yenyewe. Mashine haioni chuma, inaona mwanga ukikatika. Tokeni inapoteremka kwenye kichagua-tokeni hupita mbele ya vihisi vya mwanga, mara nyingi viwili, kimoja baada ya kingine. Mashine huangalia mambo matatu: kipi kimefunikwa kwanza, vimefunikwa kwa muda gani, na kama vimeachiwa kwa mpangilio uleule. Kihisi kikifunikwa kwa muda mrefu mno, inadhani tokeni imekwama. Mpangilio ukigeuka, inadhani kuna mtu anavuta tokeni kwa uzi, hila ya zamani kuliko hata pachislo. Kwa hiyo kitufe kilichoungwa moja kwa moja kwenye kihisi hakifai. Kidole chako hakina nidhamu ya milisekunde, na swichi yoyote ya kawaida hudundadunda inapogusana, kila mdundo ukionekana kama tokeni nyingine. Pima kwanza. Tumbukiza tokeni halisi huku umeunga osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme) au kichunguza mawimbi cha bei rahisi, uandike volti ya kila waya, ikiwa wazi na ikiwa imefunikwa, na muda wa kila hatua. Mita ya kawaida itakupa volti, ila haina kasi ya kukuonyesha mpangilio.

Usisahau kizuizi. Karibu na vihisi kuna solenoidi, yaani sumaku ya umeme, inayofungua njia ya tokeni pale tu mashine iko tayari kupokea. Rola zikizunguka, inafunga na tokeni inarudishwa kwenye trei. Kifaa chako lazima kisikilize waya huo. Kikituma ishara wakati njia imefungwa, mashine inaona tokeni isiyotakiwa kuwepo na inatoa hitilafu.

Kuna swali la hopa, chombo cha ndani kinachotunza na kutoa tokeni za ushindi, na hapa ndipo pa kuketi na kufikiri. Krediti za pachislo huishia 50. Ushindi unaozidi hapo haujumlishwi, unalipwa papo hapo: mota ya hopa inazunguka, tokeni zinatoka moja moja mbele ya kihisi kingine, mashine inahesabu hadi itosheke. Tommy Carmichael, yule mwizi wa kasino wa Marekani, aliishi kwa udhaifu wa kihisi cha namna hii. Kijitaa chake kilikipofusha, hopa ikamwaga sarafu bila mashine kujua imetoa ngapi. Wewe unataka kinyume chake: mashine ihesabu tokeni ambazo hazikutoka. Kifaa kisikilize amri ya mota, kitume ishara moja baada ya nyingine kwa kasi ya hopa halisi, na kikome mara tu amri inapoondolewa. Ishara moja ya ziada inatosha kuleta hitilafu. Anayeona hili ni gumu aiache hopa na tokeni zake, aghushi uingizaji tu, na akubali kurudisha tokeni za trei ndani ya hopa mara kwa mara. Si aibu, kwa mashine ya kwanza ningeshauri hivyo.

Vifaa ni vichache: maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) kama Arduino Nano, optokapla (kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme wa pande mbili) kwa kila waya unaousikiliza au kuutumia, rezista, kitufe imara na plagi zinazolingana na za mashine. Optokapla usizibanie. Mashine ina volti 24 za mota na solenoidi jirani kabisa na volti ndogo za vihisi, na kosa moja la kuunga waya bila kinga hiyo linafika hadi bodi kuu. Bodi hiyo, ndani ya kisanduku chake cha plastiki angavu chenye lakiri, huna haja ya kuifungua kamwe. Wala usikate waya wowote wa asili: kifaa kikae katikati ya plagi mbili, ili kukichomoa kurudishe mashine kama ilivyotoka Japani.

Siku ya kujaribu, anza na tokeni moja ya kughushi, si hamsini. Ikitokea hitilafu, kwenye mashine nyingi unageuza ufunguo wa mlango kushoto ili kuifuta. Jizoeze hilo mapema. Ukiwa bado umefungua mlango, tafuta tundu la ufunguo wa mpangilio, wenye ngazi 1 hadi 6, ambao ukumbi uliutumia kuamua mashine iwe bahili au karimu kiasi gani. Krediti zikiwa za bure, sioni sababu ya kuiacha kwenye 1.