Ukifuata Oregon Trail peke yako

Ukiendesha gari peke yako Wyoming, Marekani, kufuata Oregon Trail, njia ya wahamiaji wa karne ya 19, jaza tangi mjini Casper kabla ya kushika barabara ya 220 kwenda kwenye jiwe kubwa la Independence Rock. Mbele vituo vya mafuta ni haba na mtandao wa simu hupotea, kwa hiyo mwachie mtu ratiba yako. Fika asubuhi. Mchana wa kiangazi radi hupiga, na juu ya jiwe lile la granaiti huna pa kujificha! Lizunguke kwa miguu usome majina waliyochonga wasafiri. La kwako usiongeze, tafadhali. Angalia unapokanyaga, kuna nyoka wenye njuga mkiani. Mji wa Guernsey nao usikose kuuona: magurudumu ya magari ya kukokotwa ya wahamiaji yamechimba mwamba hadi mita 1.5.