MGB imelala nyuma? Pima kwanza

Gari dogo la michezo kama MGB likianza kulala nyuma, kila mtu pale garaji ana jibu moja: badilisha amortisere (shokomzoba). Usimsikilize. Amortisere hutuliza mdundo tu. Uzito unabebwa na lame za nyuma (springi za vyuma bapa) na springi za mbele. Utaweka mpya, na gari litabaki limelala vilevile.

Tafuta sakafu iliyo sawa. Saruji ya kituo cha mafuta inafaa, uwanja wetu wa udongo mwekundu haufai. Weka upepo sawasawa, toa mizigo butini, kisha pima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, na uandike. Upande mmoja ukiwa chini zaidi, angalia kama kuna lame iliyovunjika. Halafu chukua bisibisi ugonge chuma pale lame inaposhika bodi kwa mbele. Kikibomoka magamba ya kutu, wa kwanza kuitwa ni mtu wa kuchomelea.

Kwenye kuagiza ndiko pesa nyingi hupotea. MGB zilitengenezwa Uingereza toka 1962 hadi 1980, ila mwaka 1974 zilipewa bampa nyeusi za mpira na kuinuliwa kidogo kwa ajili ya sheria za Marekani. Ukifunga lame za hizo kwenye gari la bampa za kromu, mkia utapanda juu kama wa nge. Kwa hiyo mtajie muuzaji mwaka, bampa, na kama ni GT (ya paa la chuma) au ya paa la kufungua. Agiza jozi, pamoja na raba za kwenye maungio ya lame na U-bolti mpya (boli zinazofunga lame kwenye ekseli). Na usifungue hata nati moja kabla mzigo haujavuka mpaka wa Kasumbalesa ukaukagua mwenyewe, hasa mvua za Novemba zikikaribia.

Wako watakaotaka kuzipasha lame za zamani moto wazikunje upya. Kataa, moto huo unaua ugumu wa chuma, nazo zitalala tena.

Springi za mbele zimebanwa kwa nguvu ya kuvunja mkono. Huna kibanio chake? Mpe kazi mwenye nacho.

Boli za raba zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Lishushe, litikise, ndipo ukaze, la sivyo raba hujipinda na kukatika mapema. Zunguka kidogo barabara ya Kasenga, kaza tena U-bolti, pima upya. Taa nazo zirekebishwe: zilipangwa gari likiwa limelala, sasa zitamulika karibu mno.