Saa 20 za kazi Uingereza: zihesabu hivi

Mwenye viza ya mwanafunzi Uingereza, anayesoma shahada au zaidi, kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Chini ya shahada ni 10. Thibitisha masharti ya viza yako kwanza.

Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na hakuna kufidia. Ukifanya saa 12 wiki hii, huwezi kufanya 28 wiki ijayo ukasema wastani ni uleule. Angalia hasa zamu ya usiku wa Jumapili: ukiingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili ni za wiki inayoisha na sita ni za wiki mpya. Kazi mbili zinajumlishwa, hata kama moja haina malipo. Waajiri hawajuani, kwa hiyo andika saa zako mwenyewe kila siku.

Wanaosoma masta ndio wanaoponzwa zaidi na kiangazi. Wenzao wa shahada ya kwanza wako likizo, lakini kipindi cha kuandika tasnifu kwa kawaida bado ni muhula. Omba chuo barua ya tarehe za mihula kabla ya kukubali kazi ya kutwa.

Kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu kama mtu aliyejiajiri hakuruhusiwi kabisa, hata kwa saa moja.