Funga kitabu, kisha niambie umesoma nini

Nikimkuta mwanafunzi amepaka rangi ya manjano karibu ukurasa mzima, humwomba jambo moja tu: funga kitabu, niambie kimesema nini. Wengi hukwama papo hapo. Rangi huufanya ukurasa uzoeleke machoni, na mtu akishauzoea hudhani ameuelewa.

Kwa hiyo ziache kalamu za rangi, shika penseli. Kabla ya kuanza sura, pitia haraka vichwa vidogo, michoro na maswali ya mwishoni. Kisha geuza kila kichwa kiwe swali. Njia hii si yangu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Francis Robinson, aliieleza tangu mwaka 1946, na mimi bado sijaona ya kuishinda.

Tuseme unasoma biolojia na kichwa kinasema "Moyo". Hicho ni kipana mno, hakikuulizi kitu. Tazama mchoro, halafu andika pambizoni: "Mbona ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia?" (Ventrikali ni chumba cha chini cha moyo, kinachosukuma damu nje.) Sasa unasoma ukiwa na unachokitafuta. Utakuta kwamba ya kulia hupeleka damu kwenye mapafu tu, hapo jirani, ilhali ya kushoto huisukuma mwili mzima mpaka kwenye vidole vya miguu. Jibu likishapatikana, funika ukurasa na ulieleze kwa sauti. Ukijisikia unatoa sentensi ya kitabu neno kwa neno, hapo umekariri. Funua, angalia ulipoteleza, eleza tena.

Usipoelewa, weka alama ya kuuliza na uendelee. Mara nyingi aya inayofuata hufafanua.

Kujipima huku kunachosha, na kusoma tena ni raha zaidi. Ila watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walipolinganisha njia hizi mwaka 2006, waliosoma tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Baada ya wiki, waliojaribu kukumbuka bila kutazama maandishi waliwapita. Basi kesho yake, kabla ya kufungua sura mpya, jibu maswali yako ya jana bila kuchungulia. Yaliyokushinda yarudie siku hiyo hiyo, mengine yasubiri wiki ijayo.

Kama kitabu ni cha kuazima, usikiandike. Weka maswali kwenye kipande cha karatasi, andika na namba ya ukurasa, ukichomeke humo. Siku ya kukirudisha, chomoa karatasi zako ubaki nazo.