Jinsi ya Kupima Joto la Plazma kwa Mistari ya Eksirei

Mwanafunzi wa fizikia aliyeko Lubumbashi hayuko mbali na elimu hii, kwa kuwa mashine za eksirei zinazopima mawe ya migodini hutambua kila elementi kwa mistari yake, yaani eksirei za nishati maalumu inazotoa: shaba kwa takriban kiloelektronivolti 8.05 (kizio cha nishati), kobalti kwa 6.93. Tofauti ni kwamba jiwe lazima limulikwe, ilhali plazma ya muunganiko wa nyuklia, yaani gesi ya moto mkali ambayo atomu zake zimepoteza elektroni na kuwa ioni, hung'aa yenyewe. Kwa kuwa hidrojeni iliyomo imekwisha kupoteza elektroni yake na haina mistari ya kutupa katikati ya moto huo, watafiti huongeza argoni kidogo sana, ambayo kwenye joto la kiloelektronivolti 1 au 2 hubaki hasa na elektroni mbili tu. Katika fani hii joto nalo hutajwa kwa kizio hicho: kiloelektronivolti 1 ni sawa na digrii milioni 11.6.

Anza kwa kutambua mistari. Fuwele ya kwazi ambayo maradufu ya nafasi kati ya tabaka zake ni angstromu 4.913 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) huakisi mstari mkuu wa argoni, wenye urefu wa wimbi wa angstromu 3.949, kwa pembe ya digrii 53.5 kulingana na kanuni ya Bragg, inayounganisha urefu wa wimbi, nafasi ya tabaka na pembe. Jirani zake wako kwenye 3.966, 3.969 na 3.994. Usipime chochote kabla ya kuitambua yote minne.

Kisha pima upana wa mstari mkuu kwenye nusu ya kimo chake, maana ioni zinazokuja na zinazokwenda huutanua, na kadiri zilivyo moto ndivyo unavyotanuka. Gawanya upana huo kwa urefu wa wimbi, gawanya tena kwa 0.000077, zidisha jibu kwa lenyewe, halafu zidisha kwa 40, ambayo ni uzito wa atomu ya argoni. Utapata joto la ioni kwa elektronivolti. Upana wa angstromu 0.00152 hutoa takriban elektronivolti 1,000. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi kuliko popote, kwa sababu spektromita, yaani chombo chenye fuwele hiyo, nayo huongeza upana wake: ikiwa maumbo yote mawili ni ya Gauss (kama kengele), toa mraba wa upana wa chombo kutoka kwenye mraba wa upana uliopimwa, ndipo utafute kipeuo cha pili. Asiyefanya hivyo hutangaza joto ambalo plazma haikuwa nalo, na kosa huwa kubwa zaidi plazma inapokuwa baridi.

Kuhama kwa mstari wote huonyesha mwendo wa plazma: kilomita 10 kwa sekunde huusogeza angstromu 0.00013 tu, kwa hiyo fuwele isiachwe ibadilike joto wakati wa kipimo.

Joto la elektroni hupatikana kwingine, kwenye mistari midogo inayozaliwa ioni inapomeza elektroni huku nyingine ikipandishwa ngazi. Nguvu ya mistari hiyo ikilinganishwa na mstari mkuu hupungua elektroni zinapopata joto. Ulio mashuhuri uko karibu na 3.990, ukigusana na ule wa 3.994, basi mistari yote ilinganishwe kwa pamoja na mfano wa kihesabu kwenye kompyuta.

Hatimaye kumbuka kwamba detekta hupokea nuru ya njia nzima inayokatiza plazma. Bila kuangalia kwa njia nyingi sambamba na kuzitenganisha kihesabu, joto ulilopata ni wastani unaoelemea sehemu zinazong'aa zaidi, na si joto la kitovu.