Kabla ya Kulipia Jina la Kikoa cha Biashara

Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, la biashara ya hapa kwetu husikika kabla ya kusomwa, kwa kuwa wateja huelekezana kwa simu, redioni na dukani. Kwa hiyo, kabla hata ya kuangalia kama jina liko wazi, limtamkie mara moja kwa simu mtu asiyewahi kuliona, kisha umwombe aliandike. Kikoa cha kawaida cha Kiswahili huundwa kwa herufi, tarakimu na kistari tu. Ritifaa na nafasi havikubaliki. Muuza maziwa anayependa neno ng'ombe ataandika ngombe, na hapo hakuna tatizo. Tatizo huanza pale maneno mawili yanapokutana kwa irabu ileile: mafutaasilia litaandikwa na wengi kwa a moja, na mteja ataishia kwenye ukurasa usiokuwepo au, vibaya zaidi, kwa mshindani. Dhahabu nalo kuna watakaoliandika zahabu. Ikiwa huwezi kuliepuka jina la namna hiyo, sajili na tahajia ya pili, kisha uielekeze kwenye tovuti ileile. Kistari ningekiacha kabisa, maana watu hawakitaji wanapozungumza.

Usijifunge mno kwa bidhaa au mji, kwani anayejiita viatumwanza leo atapata shida akianza kuuza mabegi Dodoma.

Kuhusu mwisho wa jina, .co.tz humwonyesha mteja wa ndani kwamba biashara iko Tanzania, ilhali kampuni ya utalii ya Arusha inayotafuta wageni wa ng'ambo inaweza kuhitaji .com pia. Ukimudu, chukua yote mawili.

Pitia pia orodha za majina za wakala wa usajili wa biashara, yaani BRELA kwa Tanzania Bara, au BPRA kwa Zanzibar. Kusajili jina la biashara hakukupatii kikoa, na kumiliki kikoa hakukupatii haki juu ya alama ya biashara ya mwingine. Mwenye alama akithibitisha kwamba jina lako la .com linafanana nayo kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya, anaweza kupewa jina hilo kupitia utaratibu wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, ulioanza mwaka 1999.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni nani anaandikwa kuwa mwenye jina. Fundi wa tovuti mara nyingi hulisajili kwa akaunti na barua pepe yake, kwa nia njema tu, halafu mnapokosana au anapohama mji, biashara inabaki bila funguo. Dai tangu mwanzo kwamba mwenye jina awe biashara yako, na barua pepe ya usajili iwe unayoifungua wewe mwenyewe, lakini isiwe ya kikoa hichohicho, kwa sababu kikoa kikikwama nayo itakwama.

Uliza pia bei ya kulipia upya, kwani ya mwaka wa kwanza huwa ya kuvutia wateja. Kikoa hukodishwa kwa muda, na .com haisajiliwi kwa zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Ikifutwa kwa kutolipiwa, kwa kawaida kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada kubwa zaidi, na baada ya hapo huachiwa yeyote atakayewahi.